Mradi wa lishe umetupima masika, ukarudi msimu wa karafuu, sasa ati njaa imepungua!

Wadau, nimechoka, acheni niseme. Kuna mradi wa lishe umefanya kazi kwetu huku Micheweni, Pemba, jina siutaji. Juzi wametuita kutusomea matokeo: uhaba wa chakula umepungua, lengo limefikiwa, kugawa unga wa lishe basi. Watu wakapiga makofi! Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea, ndiye niliyewatembeza wadodosaji nyumba kwa nyumba awamu zote mbili, kwa hiyo hapa hawanidanganyi.

Awamu ya kwanza walikuja masika. Mvua haikati, bahari imechafuka, mwani haukauki. Ya pili wakaja watu ndiyo wanatoka kuchuma karafuu. Kwetu ni maweni, mikarafuu ya kutaja hatuna, lakini wake kwa waume huenda upande wa mashamba kuchuma, na pesa ikiingia hata deni la dukani linalipwa. Sasa njaa kaiondoa nani, mradi au karafuu? Na karafuu zenyewe hazizai sawa kila mwaka. Hata shehia moja isiyopata mradi hawakuipima wakalinganisha.

Halafu maswali. Ni matatu tu, ya siku 30 zilizopita: kuna siku nyumbani hamkuwa na chakula chochote kwa kukosa uwezo? Kuna aliyelala na njaa? Kuna aliyepitisha mchana na usiku mzima bila kula? Maswali mazuri, sina ugomvi nayo. Masika waliyauliza wadada, wakaingia uani, wakakaa mkekani na kina mama. Awamu ya pili wakaletwa vijana wa kiume, wanauliza barazani, sheha, yaani kiongozi wa shehia, yupo, mume yupo. Kuna mama najua kwa yakini watoto wake usiku ule walilalia chai kavu. Akavuta ukaya wake, akajibu, "Alhamdulillah, tunakula." Kijana akabonyeza "hapana" mara tatu kwenye kishikwambi, huyoo nyumba ya pili. Nani Pemba hii atamwaga siri ya chungu chake mbele ya sheha?

Na utepe wa kupimia mkono wa mtoto jamani! Chini ya sentimita 11.5 nyekundu, mpaka 12.5 njano, zaidi ya hapo kijani. Huo unaonyesha ukondefu, na mtoto akila vizuri wiki chache tu mkono unajaa. Wao wamesoma ati udumavu umepungua. Udumavu ni urefu kwa umri, na ubao wa kupimia urefu sikuuona hata siku moja. Tena awamu ya pili walipima waliofuata unga kituoni tu. Waliokwenda dago, kambi ya wavuvi, na wazazi wao hawamo.

Niliinua mkono mkutanoni. Nikaambiwa nisubiri muda wa maswali. Muda wa maswali haukufika, ikaja pilau.

Basi nauliza hapa: shehia nyingine mliopitiwa na miradi hii, mlipimwa mwezi gani mwanzo na mwezi gani mwisho? Na nani aliulizwa, wapi, mbele ya nani?