Mama anakwenda Chicago kutoka Mwanza: ni kipi hasa kinachomchosha msafiri angani?

Binti wa Nyakato:
Wanajukwaa, habari za jioni. Mama yangu, ambaye umri wake umepita miaka 60, anatarajia kwenda Chicago kumlea mdogo wangu aliyejifungua. Ataondoka hapa Mwanza hadi Dar es Salaam, kisha Doha, na kutoka Doha atakaa angani takribani saa 14 bila kutua. Si mgeni wa safari ndefu, kwa kuwa meli ya usiku ya Bukoba ameizoea tangu usichana wake na basi la Dar es Salaam analimudu, lakini kwenye meli mtu huinuka akapunga upepo, na basi nalo husimama njiani watu wakanyoosha miguu. Waliomtangulia wamempa habari zinazopingana: mmoja anasema ni raha tupu, mwingine anasema alishuka miguu imevimba hata viatu vikakataa kuingia. Naomba wenye uzoefu wanieleze, pamoja na sababu, ili nisimtishe mama wala nisimdanganye.

Muuguzi wa Ilemela:
Dada, huyo wa viatu hakutia chumvi. Mtu anapotembea, misuli ya mashavu ya miguu husukuma damu irudi juu kwenye moyo. Akikaa kutwa nzima ameining'iniza miguu, damu hutuama na maji hujikusanya kwenye vifundo. Uvimbe wa miguu yote miwili kwa kawaida hupungua wenyewe baada ya kufika. Kinachotakiwa kuogopwa ni damu kuganda katika mshipa wa ndani wa mguu, hatari ambayo huongezeka safari inapozidi saa 4, na zaidi kwa wazee, kwa wanene na kwa waliofanyiwa upasuaji karibuni. Basi ainuke kila baada ya saa moja au mbili, na akiwa kitini azungushe vifundo na kukunja vidole. Kuhusu soksi za kubana, amwone daktari kabla ya safari, wala asianze kumeza aspirini kwa sababu tu jirani amemwambia. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akikosa pumzi, hata ikiwa siku kadhaa baada ya kufika, apelekwe hospitali bila kungoja.

Uchovu mwingine unatokana na hewa yenyewe. Ndani ya ndege hewa hushindiliwa, lakini haifikishwi kiwango cha ardhini. Huweza kuwa nyepesi kama ya mlima wa mita 2,400, yaani juu kuliko Njombe mjini. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mama hatapanda sana kama mtu wa pwani. Hewa hiyo pia ni kavu mno, unyevu wake mara nyingi huwa chini ya asilimia 20, na ndiyo maana koo na macho huwasha. Anywe maji kidogo kidogo, hata kama hiyo ina maana ya kwenda msalani mara kwa mara. Huko nako ni kutembea.

Mzee wa Capri Point:
Nakubaliana na Muuguzi, ila kwangu kero kubwa ni watu. Wa mbele hulaza kiti chake wakati wewe bado unakula, wa pembeni husinzia akiwa amekuegemea, na mara tu sahani zinapokusanywa foleni ya msalani huwa ndefu kupita kiasi. Chakula nacho huonekana hakina ladha, na lawama zote huangukia wapishi, ilhali ukavu wa hewa na mngurumo wa injini hupunguza uwezo wetu wa kuonja chumvi na sukari. Ajabu ni kwamba juisi ya nyanya huwa tamu zaidi huko juu.

Jambo litakalomshangaza mama ni jua. Akiondoka Doha asubuhi atakuwa analifuata kuelekea magharibi, kwa hiyo mchana utarefuka kupita ule anaoujua, na wahudumu watafunga madirisha ili watu walale wakati nje bado kweupe. Akitazama ramani kwenye kioo kilicho mbele yake ataona ndege imeelekea kaskazini, pengine hadi karibu na Greenland. Asidhani rubani amepotea. Dunia ni mviringo, na njia fupi hupinda hivyo.

Mchuuzi wa Kirumba:
Mzigo hamjaugusa, na najua mama hataondoka Mwanza bila dagaa. Samaki waliokaushwa vizuri kwa matumizi ya nyumbani kwa kawaida hupita, lakini kila chakula lazima kitajwe kwa maofisa wa forodha wa Marekani. Anayeficha hupigwa faini. Nyama ya kukaushwa aiache. Asali na samli huhesabiwa kama vimiminika, hivyo haviruhusiwi kwenye mkoba wa mkononi vikizidi mililita 100 kwa chupa. Aviweke kwenye begi kubwa. Dawa zake, kinyume chake, asizitenganishe na mkoba, na awe na cheti cha daktari.

Binti wa Nyakato:
Nawashukuru sana, na Mzee shikamoo. Nilitaka kumchagulia kiti cha kando ya ujia kwa ajili ya miguu, lakini tangu nimsomee habari za Greenland anataka dirishani. Je, safari ya kurudi nayo ni hivyohivyo?

Mzee wa Capri Point:
Marahaba. Mwache akae dirishani wakati wa kwenda, mradi awaombe majirani wampishe bila kuona haya. Wakati wa kurudi mpe kiti cha ujiani, kwa sababu atakuwa anaelekea mashariki, usiku utakatika upesi, na hakutakuwa na mengi ya kutazama. Kurudi ndiko kugumu kwa usingizi: Chicago iko nyuma yetu kwa saa 8 au 9 kutegemea majira, na mwili huona vigumu zaidi kulala mapema kuliko kuchelewa. Msimpangie wageni wiki ya kwanza.