Kulala kwenye Hiace Kitulo mwezi Julai: dizeli, gesi au mkaa?

MtuWaShangani (Mtwara)
Habari za jioni wadau. Hiace nimeshaitoa viti, nimeweka kitanda na kabati la vyombo. Julai natoka na mke na mtoto wa miaka sita: Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, mpaka Makete na hifadhi ya maua ya Kitulo. Sisi wa pwani baridi hatuijui, na kule ni kama mita 2,600, usiku sakitu inatanda kwenye majani. Nachagua kati ya hita ya dizeli, jiko la gesi, au jiko la mkaa niliwashe ndani kisha nilitoe kabla ya kulala.

Korosho_Masasi
Kaka, mkaa ufute. Niliwahi kulala na jiko la mkaa ndani ya lori huko Njombe, kioo nimekishusha kidogo. Utingo wangu ndiye aliyeniburuta nje, kichwa kinapasuka, miguu haina nguvu. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu. Mkaa ukishakuwa mwekundu bila moshi unaona umeiva, kumbe bado unaitoa.

FundiBetri_Lindi
Dizeli. Hita inavuta hewa ya kuchomea kutoka nje na moshi wake unatoka nje kwa bomba, ndani linaingia joto tupu. Ya kilowati 2 ukiiweka moto wa kati, usiku mzima lita mbili hazifiki. Umeme inakula zaidi wakati wa kuwaka, kama ampea 10 kwa dakika chache, baadaye ni feni na pampu tu. Funga betri yake peke yake, asubuhi gari liwake. Huko juu hewa ni nyepesi, dizeli haiungui vizuri na masizi yanajaa, kwa hiyo punguza dizeli inayosukumwa na pampu. Ukiizima iache ijipoze yenyewe, usikate umeme.

Kama gari ni la petroli, utahitaji tangi dogo pembeni.

MamaMikindani
Gesi ni ya kupikia, mwanangu, tena mlango wazi. Moto wake unatoa maji: kilo moja ya gesi ni zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke. Vioo vinatiririka, blanketi zinalowa, mtoto anaamka na kikohozi.

Mwenyeji_Makete
Karibuni sana. Ila mnazungumzia moto wakati gari ni bati tupu! Anza na sakafu: sponji, juu yake kapeti, ndipo godoro. Vioo kata sponji zienee kabisa, ila acha upenyo mdogo juu wa hewa. Usiegeshe bondeni, baridi hushuka huko usiku. Maji ya moto kwenye chupa, izungushie soksi, weka miguuni. Mimi hulala hivyo bila hita, lakini kwa mtoto wa pwani ningeifunga.

Na mjue maua ya Kitulo ni ya masika, Julai mtakuta nyasi zaidi.

MtuWaShangani
Shikamoo mama, na asanteni wote. Mkaa nimeufuta, gesi ni ya chai. Sponji naanza kukata Jumamosi. Fundi, bomba la moshi nilitoe upande gani?

FundiBetri_Lindi
Chini ya gari, upande usio na mlango, mdomo upite ukingo wa bodi. Na ununue kengele ya hewa ya sumu, uifunge karibu na kichwa cha mtoto.