Naomba ushauri: kuku ana ovari kushoto tu, nawaelezaje form six?

MwalimuBios: Wakuu habari zenu. Nafundisha bailojia huku Masasi, juzi tumepasua tetea wa kienyeji na vijana, tumemlaza chali tukatoa firigisi na utumbo ndo ovari ikaonekana imeng'ang'ania mgongoni karibu na figo, viini vya njano vimepangana kuanzia kile kikubwa mpaka vidogo kama ulezi. Kushoto tu, kulia hamna kitu. Binti mmoja akauliza, kama estrojeni (homoni ya kike) inazunguka na damu mwili mzima mbona ya kulia haikui? Kitabu kinasema imedumaa, basi. Yule binti anastahili jibu la maana, nianzie wapi nisiwachanganye?

Korosho Ghafi: Mwalimu anza na vipokezi, yaani protini za kwenye seli zinazoipokea homoni, homoni yenyewe iache kwanza. Kifaranga jike akiwa bado kwenye yai, ndani ya zile siku 21, ovari zinaanza zote mbili na zote zinatengeneza estrojeni. Ila kwenye gamba la nje la ovari, vipokezi vya estrojeni aina ya alfa vinabaki kushoto, kulia vinazimwa, kwahiyo estrojeni ipo lakini seli za gamba haziipokei na haziongezeki.

MwalimuBios: Sawa mkuu, vinazimwa na nini sasa? Maana hilo ndo atakalouliza.

Korosho Ghafi: Asidi ya retinoiki, inatokana na vitamini A. Kushoto kuna jini inaitwa PITX2 inayozuia hiyo asidi isitengenezwe kwenye gamba, kulia PITX2 haipo so asidi inatengenezwa na inakandamiza kipokezi. Wajapani walilionyesha hili 2008.

Ntu wa Nachingwea: Ongezea na tetea anayewika. Huku kwetu bibi akimsikia tu anasema mkosi, anachinjwa siku hiyohiyo. Kumbe mara nyingi ovari ya kushoto imeugua, estrojeni imeshuka, upanga unakua, na ile ya kulia inaweza kuamka ikawa kama korodani. Wafundishe hilo kabisa, kuku wa watu wanauliwa kwa imani tu.

Mama Vifaranga: Mwl wasije wakajaza hayo kwenye swali la binadamu. Sisi ovari zote mbili zinakua, na seli zinazolizunguka yai zina zaidi kipokezi cha estrojeni aina ya pili, beta, kile kilichogunduliwa 1996 Sweden. Homoni ya LH (ile inayochochea yai litoke) ikipanda kabla yai halijatoka, hicho cha beta kinapungua.

MwalimuBios: Asanteni sana, Jumatatu naanza na vipokezi. Mama Vifaranga, hiyo ya beta naomba uniandikie vizuri inbox.