Naomba ushauri: niyapange vipi maisha ya Dorgon?

Ndugu zangu, ninaandaa makala kwa wanafunzi wa sekondari kuhusu Dorgon, mwanamfalme wa Kimanchu (watu wa kaskazini-mashariki mwa China ya leo) aliyezaliwa mwaka 1612, mtoto wa kiume wa 14 wa Nurhaci, mwanzilishi wa dola ya Wamanchu. Mama yake alilazimishwa kufa mwaka 1626, mara baada ya Nurhaci kufariki. Hata hivyo, mwaka 1643 Dorgon alishika hatamu za utawala kwa niaba ya Fulin, mfalme mpya wa Wamanchu aliyekuwa mtoto wa miaka 5, na mwaka uliofuata, baada ya Wu Sangui, jenerali wa Kichina, kumfungulia lango la Shanhai kwenye Ukuta Mkuu wa China na majeshi yao kumshinda Li Zicheng, kiongozi wa waasi aliyekuwa ameiteka Beijing, aliingia Beijing.

Kinachonitatiza ni amri ya mwaka 1645 iliyowalazimisha wanaume wa Kichina kunyoa utosi wa mbele na kusuka nywele za nyuma, na aliyekaidi aliuawa. Kwangu hilo ni doa zito kuliko ushindi wowote. Je, nianze nalo, au nifuate miaka? Na je, niishie kwenye kifo chake mwaka 1650, au nieleze pia jinsi alivyovuliwa heshima mwaka 1651 na kurudishiwa na mfalme Qianlong mwaka 1778?