Alucobond mbele ya lodge, kelele za malori ziko palepale

Mzee_wa_Lodge: Wakuu habari za majukumu. Nina kalodge ka ghorofa mbili huku Kimara, kando kabisa ya Morogoro Road. Mbele tumefunika Alucobond, zile shiti nyembamba za alumini za kufunika ukuta wa nje, fundi kaacha upenyo wa kama sentimita 5 kati ya ukuta na shiti ili hewa ipite, joto kweli limepungua, ila malori na bodaboda unazisikia kama zinapita koridoni, wageni wote wanataka vyumba vya nyuma. Halafu jua likizama kuna kitu kinalia tak, tak huko nje. Sasa fundi anataka hela ajaze foamu upenyo wote, eti kelele zitaisha. Nimpe au napigwa?

Nondo16: Unapigwa mkuu. Kelele inazuiwa na uzito, foamu haina uzito. Hiyo shiti yenyewe ya milimita 4 ni kilo 5 na nusu tu kwa mita ya mraba, tofali la inchi 6 na plasta yake linapita 250, kwahiyo anayefanya kazi hapo ni ukuta. Ukiziba upenyo joto linarudi na maji ya mvua yakiingia kwenye maungio hayana pa kutokea. Na moto je? Jengo la ghorofa la Grenfell kule London 2017 walikufa watu 72, shiti zenye plastiki katikati na foamu nyuma yake, moto ukapanda na upenyo.

BintiMchoraji: Madirisha ni ya aina gani? Kioo kimoja cha milimita 5 kinapunguza kelele kama desibeli 30 (kipimo cha sauti), ukuta wako unapita 45, sasa sauti itahangaika na ukuta ya nini. Usiku zima taa chumbani, mtu akae nje amulike tochi pembeni mwa fremu, ukiona mwanga basi na kelele inapita hapohapo.

Mzee_wa_Lodge: Ni ya kuslaidi yote dada. Na ile tak tak?

Nondo16: Alumini inatanuka na jua, shiti ya mita 3 ikipanda nyuzi 40 za joto inaongezeka karibu milimita 3, jioni inarudi. Ribiti (pini zinazoshikilia shiti) zikibana sana inajivuta kwa kushtuka ndo inalia. Matundu ya ribiti yalitakiwa yawe marefu kidogo ili shiti iteleze.

BintiMchoraji: Anza na madirisha ya vyumba vya mbele, weka ya bawaba yenye raba pande zote, kioo kinene, silikoni kuzunguka fremu. Ukipata hela ya kufungua shiti siku moja, gandisha sufi ya mawe (rockwool, nyuzi za mawe kama pamba) ukutani, haiungui, ila bado acha nafasi ya hewa mbele yake.