Naomba ushauri: tubebe vifaa gani kupanda Rwenzori hadi Margherita?

Mwalimu wa Jinja

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Mimi na kaka yangu tunatarajia kupanda Rwenzori mwishoni mwa Juni kwa njia ya Nyakalengija, na nia yetu ni kufika kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Mlima pekee tuliowahi kuupanda ni Elgon, ambako tulifika Wagagai kwa viatu vya michezo na koti moja moja, wala hatukupata shida kubwa. Safari hii waandalizi wametutumia orodha ndefu ya vitu bila kueleza kipi ni cha lazima na kipi kinaweza kuachwa, nasi tunategemea mishahara ya ualimu. Je, ni kweli kwamba gambuti zinafaa kwa safari ya zaidi ya wiki nzima, au hayo ni mazoea ya wapagazi tu? Nguo za kubadilisha ziwe ngapi? Na ni vifaa gani ambavyo ni heri kuvikodi kuliko kuvinunua?

Mpagazi Mstaafu, Kasese

Dada Mwalimu, karibu sana kwetu. Nimebeba mizigo katika mlima huo kwa miaka mingi, na wengi wa wageni niliowaona wakirudi kabla ya kufika kibanda cha Elena, cha kulala kabla ya kupanda kilele, walikuwa na miguu mizuri kabisa. Walilowana mapema, wakakosa kitu kikavu cha kuvaa usiku, na baridi ikawamaliza nguvu. Juni inahesabiwa kuwa kiangazi, lakini kiangazi cha Rwenzori kina mvua yake, kwa hiyo usiipange safari hii kwa kipimo cha Elgon.

Gambuti ni za lazima. Ukitoka kibanda cha John Matte kuelekea Bujuku utavuka kinamasi cha Bigo, ambacho sehemu zake zimetandikwa mbao, lakini pale ambapo mbao hazipo au zimeoza mguu huweza kuzama hadi karibu na goti, na kiatu cha ngozi kikishalowa tope la namna hiyo hakikauki tena mpaka urudi nyumbani. Zijaribu gambuti dukani ukiwa umevaa soksi mbili, moja nyembamba na moja nene ya sufu. Zikikubana zitakuumiza kucha wakati wa kuteremka, na zikipwaya tope litakuvua.

Nguo ziwe seti mbili, moja ya kutembea na moja ya kulala, pamoja na koti la mvua na suruali yake. Ile ya kutembea italowa, na asubuhi utaivaa ikiwa bado mbichi. Inachukiza, lakini vumilia, kwa sababu ukishawishika kuvaa ile kavu, jioni utakuwa na seti mbili zilizolowa na huna cha kulalia. Suruali za jinzi na fulana za pamba ziache nyumbani, kwani hunywa maji na kukaa nayo mwilini. Sweta za sufu na za manyoya utazipata kwenye mitumba ya soko la Owino, Kampala, kwa bei ya kupatana, na zinafaa kama mpya.

Kila kitu kitie katika kavera nene, yaani mfuko wa plastiki, kabla ya kukiingiza begini, mfuko wa kulalia kwanza. Kifuniko cha begi peke yake hakitoshi. Kavera zote zirudi nanyi chini.

Msafiri wa Mbarara

Nakubaliana na mzee kuhusu kinamasi, ila naomba niongeze jambo ambalo mimi lilinigharimu. Gambuti hazikazi kifundo cha mguu, na vile vyuma vya meno vya kukanyagia barafu havifungiki juu yake, kwa hiyo siku ya kutoka Elena kwenda kileleni lazima uwe na buti ngumu, kavu, zilizokaa ndani ya kavera tangu mwanzo wa safari. Mimi nilizivaa zangu siku ya pili kwa kuona njia inapitika, na usiku wa kupanda kilele nilitoka nikiwa na soksi zinazochuruzika maji. Vidole vyangu vilikaa na ganzi kwa muda mrefu baada ya safari.

Buti hizo, vyuma vyake, shoka la barafu, kofia ngumu na mkanda wa kujifungia kamba vyote vinakodishwa kwa waandalizi, na kwa safari moja sioni sababu ya kuvinunua. Vijaribuni mkiwa bado chini, kwenye mwanga, mpaka kila mmoja aweze kuvifunga mwenyewe akiwa na glavu mkononi.

Muuguzi, Fort Portal

Elena iko mita 4,541, na hapo kichwa kuuma na kichefuchefu ni mambo ya kutarajiwa. Kabla ya kununua dawa ya asetazolamidi, muoneni daktari, hasa kama mmoja wenu ana mzio wa dawa za salfa. Fahamuni pia kwamba dawa hiyo huongeza haja ndogo, hivyo tochi ya kichwani iwe karibu na mto. Mtu akianza kupepesuka, kuchanganyikiwa au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, ateremshwe mara moja, bila kungoja asubuhi.

Mwalimu wa Jinja

Nawashukuru sana, mzee na nyote. Nimebakiwa na swali moja: kaka anao mfuko wa kulalia aliopewa na rafiki, lakini ni mwembamba. Je, blanketi moja la ziada litatosha?

Mpagazi Mstaafu, Kasese

Halitoshi, dada. Blanketi ni zito, likilowa halikauki, na usiku wa Elena maji huganda. Akodi mfuko wa kustahimili nyuzi 10 chini ya sifuri, aufungue na kuukagua mbele ya anayemkodisha, na usiku aweke betri za tochi ndani yake pamoja na soksi za kesho.