"LETENI LA BABA!" Yule muuza majaketi wa kona leo kanidhalilisha kwenye kipaza sauti

Mama Kisasa:
Wakuu, hata viatu sijavua. Simtaji jina, mnamjua. Yule yule wa majaketi ya baridi, mwenye kipaza sauti cha kuchaji, anayemwita "mama mzuri" hadi bibi wa miaka tisini, na ukiuliza bei ukaondoka anakusindikiza kwa maneno mpaka stendi.

"LETENI LA BABA!" Kasema hivyo. Mchana kweupe. Dodoma nzima imesikia, nina uhakika hata waheshimiwa bungeni waligeuka.

Iko hivi. Mwezi wa kwanza naenda Norwei kwa mafunzo ya kazi, na wenyeji wametuandikia kwamba kuna siku ya kuskii, yaani kuteleza kwenye theluji, kila mtu aje na nguo zake. Sasa nguo za skii hapa mjini utazitoa wapi kama siyo mitumbani? Wazungu wakizichoka zinakuja huku, tunapandia bodaboda. Na mimi sikwenda kichwa kichwa, nimesoma. Ndani fulana na taiti ya sufu au poliesta, siyo pamba, maana pamba ikishanywa jasho haikauki, inakugandia mgongoni. Katikati flisi, lile sweta laini lenye manyoya manyoya. Juu jaketi lisiloingiza maji lakini linalotoa mvuke wa jasho. Na liwe la KIKE, kwa sababu la kiume linabana nyonga, linapwaya kiunoni, upepo unaingia unavyotaka.

Nikamweleza yote hayo kwa adabu. Akachomoa la zambarau, akageuza lebo: "164! Namba kubwa hiyo mama mzuri, unaingia wewe na mumeo." Nikauliza hizi zipu za kwapani. "Hapo palichanika, wazungu wakapaziba." Na hii sketi ya ndani yenye lastiki, ile ya kuzuia theluji isipande mgongoni ukianguka? "Ya heshima hiyo, unaendea kanisani."

Nikavaa. Zipu imefika kitovuni, ikagoma. Akaita vijana wawili wa meza ya jirani, mmoja huku mmoja kule, wananivuta kama gunia la mkaa linalofungwa kamba. Mimi nimeshika pumzi. Ndipo akanyanyua kile kidude chake: "WATEJA WANGU, LA KIKE LIMEGOMA KWA MAMA HUYU, LETENI LA BABA!"

La baba! Muuza miwa kacheka mpaka kaacha kukamua. LA BABA! Na bado anataka elfu themanini!

Zabibu Chungu:
😂😂😂 Kumbe ni wewe! Nilikuwa nakula chipsi mayai ng'ambo, nikadhani kuna mtoto kapotea anatafutiwa baba yake.

Mama Kisasa:
Cheka tu. Siku yako inakuja.

Muuza Nguo za Watoto:
Da' mkubwa pole, ila hiyo 164 siyo unene. Nguo za watoto za Ulaya wanapima kwa urefu, sentimita. 164 ni mtoto wa miaka kumi na tatu, kumi na nne hivi. La mwanamke mzima ungekuta 38, 40, 42, au herufi S, M, L.

Mama Kisasa:
UNASEMA NINI? Yaani wanaume wawili wamenivuta kunisokomeza kwenye jaketi la mwanafunzi, halafu mimi ndiye nikatangaziwa LA BABA? Mimi? LA BABA?

Wa Makete:
Na nyie wa Dodoma mnajua baridi? Mwezi wa saba vikivuma viupepo vyenu tu mnavaa soksi mbili mbili. Njooni kwetu asubuhi mkaone sakitu, umande ulioganda, ilivyolala kwenye viazi.

Shemeji wa Wote:
Ndio wale wale, mtu katoka Makete mwaka wa kumi huu lakini baridi ya kwao haiishi mdomoni.

Mstaafu wa Austria:
Mama Kisasa, achana na hao. Mimi nimekaa Austria, nikwambie. Kwanza, jaketi la skii halijaribiwi juu ya blauzi. Nenda na flisi yako mwilini, funga zipu, nyanyua mikono juu, kisha inama. Kiuno kikibaki wazi, rudisha. Suruali nayo chuchumaa nayo palepale, na mguu wake uwe mpana upite juu ya buti. Soksi jozi moja tu, ya sufu, ndefu. Ukipachika mbili buti linabana, damu haishuki, vidole vinaganda. Kwenye lebo tafuta namba mbili, mfano 10,000 na 10,000. Ya kwanza ni milimita za maji ambazo kitambaa kinahimili, ya pili ni gramu za mvuke zinazotoka kwenye mita moja ya mraba kwa saa 24. Halafu geuza ndani utazame mishono. Inazibwa kwa utepe, na kwenye mtumba utepe huwa umeshabanduka. Hapo hata kama lebo imeandika 20,000, utalowa. Zipu za kwapani ni za kutolea joto ukitoka jasho, muuzaji wako kakudanganya.

Zabibu Chungu:
Mkuu Austria si ulikuwa unaosha vyombo hotelini?

Mstaafu wa Austria:
Vyombo nimeosha na theluji nimeteleza. Wewe umeteleza wapi zaidi ya matope ya Nkuhungu?

Mke wa Mtu Area D:
Bora wewe Mama Kisasa umetangazwa na asiyekujua. Mimi fundi wangu kabisa, wa miaka yote, kanikatia kitenge cha sendofu ya mdogo wangu, hakipandi mabegani. Namuuliza, ananijibu nimenenepa ndani ya wiki! Mnamjua, yule mwenye redio.

Shemeji wa Wote:
Wa redio?? Suruali yangu iko kwake tangu kabla ya Ramadhani. Ukienda unaambiwa "imebaki vifungo".

Muuza Nguo za Watoto:
Vifungo 😂 Mimi ya kwangu nilimwona nayo kaivaa yeye, kwenye kipaimara.

Mama Kisasa:
Jamani uzi ni wa jaketi! Mtu kanitangaza LA BABA mbele ya umati, nyie mnaongea vifungo?

Zabibu Chungu:
Kwani hiyo sendofu lini? Kadi shilingi ngapi?

Mke wa Mtu Area D:
Jumamosi. Singo hamsini, dabo themanini. Njoo inboksi nikuweke kwenye grupu.

Wa Makete:
Michango tena! Mimi mwezi huu nimewekwa kwenye magrupu ya harusi za watu hata siwajui, nikitoka mwenyekiti ananirudisha.

Shemeji wa Wote:
Mwenyekiti gani huyo? Asije akawa yule wa Chang'ombe, maana alichukua ukumbi wangu na hajanilipa.